RAMANI MOJA HAIWEZI KUJENGA NCHI NZIMA

Mwalimu anayehamishwa kutoka Temeke kwenda Makete hupewa barua ya uhamisho na siku ya kuripoti kazini. Haambiwi kwamba anatoka katika hali ya hewa moja kwenda katika nyingine kabisa. Akifika mwezi wa Juni, huenda akakuta umande umeganda juu ya majani alfajiri. Lakini nyumba atakayokabidhiwa yaweza kuwa ile ile aliyoiacha pwani: madirisha yale yale, kuta zile zile, na bati lile lile lisilo na dari. Kule ilimpika, huku inamgandisha.

Ni nani aliyetudanganya kwamba Tanzania ina hali ya hewa moja? Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba sivyo. Wataalamu nao walikwisha kuyapanga mambo haya zamani. Mwaka 1884 Wladimir Köppen alianza kuigawa dunia katika kanda kwa kufuata joto, na baadaye akaongeza mvua na mimea. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulichapa majedwali ya Mahoney, ambayo huchukua joto, unyevu na mvua ya kila mwezi ya mahali fulani, kisha humwambia mjenzi ukuta uwe mzito au mwepesi na dirisha liwe pana au dogo. Elimu ipo. Kinachokosekana ni utii kwa elimu hiyo.

Tazama mifano mitatu. Dar es Salaam mwezi wa Februari hupata kiasi cha nyuzi 32 mchana, na usiku joto hubaki karibu na 25. Hewa imejaa unyevu na jasho halikauki. Huko nyumba inahitaji upepo: madirisha yanayotazamana, upenu mpana, na kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisizipige.

Dodoma ni nchi nyingine. Mwezi wa Julai mchana hufika kiasi cha nyuzi 26, na usiku hushuka hadi kiasi cha 14. Hewa ni kavu. Hapo ukuta mnene wa udongo ndio mlinzi, kwa kuwa hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku wakati wa ubaridi. Wagogo walilifahamu jambo hili walipojenga tembe, lenye paa la udongo na matundu madogo. Sisi wasomi, kwa kasumba tu, tukaliita tembe alama ya ujinga, tukaweka mahali pake tofali jembamba na bati tupu, kisha tukaita hayo maendeleo!

Njombe na Makete ni nchi ya tatu. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huko husimama upande wa kaskazini. Basi madirisha makubwa yaelekee kaskazini yalikaribishe, dari iwepo, na mianya izibwe.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia huko kwa kasi. Uamuzi huo ulikuwa wa kujitegemea kifikra. Je, ni kujitegemea gani kubeba hadi nyanda kavu jengo la ukuta wa kioo lililobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi? Kioo hupitisha jua na kulifungia joto lango la kutokea. Kisha tunanunua kiyoyozi ili tupigane na joto tulilolialika wenyewe, na umeme wake unalipwa kwa kodi ya mkulima ambaye kwake hata taa hana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wapo watakaosema kwamba ramani moja ni rahisi na hurahisisha zabuni. Ni rahisi kwa nani? Ramani huchorwa mara moja, lakini nyumba hukaliwa miaka 50. Kuligeuza jengo lielekee upande unaofaa kabla ya kuchimba msingi hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Wengine watasema kwamba kanda hazina mipaka ya wazi. Ni kweli, lakini India, ambayo ni kubwa kuliko sisi mara nyingi, imejigawa katika kanda tano kwa ajili ya ujenzi, na haikungoja Mungu achore mistari ardhini.

Hatuna budi kudai mambo matatu. Kwanza, nchi igawanywe katika kanda za ujenzi kwa kutumia takwimu za vituo vyetu wenyewe vya hali ya hewa. Pili, kila ramani inayoombewa kibali itaje kanda yake, na isiyotaja irudishwe. Tatu, nyumba za walimu, waganga na watumishi wote wa umma ziwe za kwanza kutii, maana Serikali haiwezi kumwonya mwananchi kwa kosa inalolitenda yenyewe.

Ndugu mtumishi, faili la ujenzi litakapofika mezani kwako, usiulize bei peke yake. Uliza nyumba hiyo inajengwa wapi. Kama mchoraji hana jibu, usiweke sahihi.