Glavu zikiisha, nani anajaza begi?

Wewe wa mjini, hebu fikiria ajali ya bodaboda kule Mukurwe-ini mwezi wa Aprili, mvua inamwagika na njia ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni. Ambulensi inabaki kwenye lami. Anayemfikia majeruhi kwanza ni bodaboda mwenzake, ama mhudumu wa afya ya jamii anayeishi ng'ambo ya shamba la kahawa.

Wahudumu hao, takriban 100,000 nchini, walianza kupewa mabegi na serikali mwaka wa 2023, yakiwa na mashine za kupima presha na sukari. Ni vizuri, hasa kwa mzee mwenye kisukari kule Kieni. Lakini mashine ya presha haizuii damu inayobubujika pajani. Hapo unataka glavu, bandeji pana, makasi ya kukata suruali na tochi ya kichwani, maana mikono yote miwili ina kazi. Na blanketi: baridi ya Mlima Kenya usiku haina mchezo, na aliyepoteza damu hupoa haraka. Blanketi hilo hilo na miti miwili ndiyo machela.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Basi kaunti ikizindua ambulensi na kupiga picha, muulize MCA wako kuhusu glavu.

Na ukienda ushago, mpelekee bodaboda wako pea kadhaa. Mwonyeshe kukandamiza jeraha bila kuachilia. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, isevu kwa simu yake.