ETI “YA ZAMANI TUPA KULE”! STAA APIMA SANTURI KWA SIMU, PITO YALIA

Siku hizi mtu anaweza kuwa mtaalamu wa chochote kwa sekunde thelathini tu. Ndiyo kilichotokea Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, pale staa mmoja wa mtandaoni (jina kapuni) aliporudi nyumbani kusalimia wazee. Ilikuwa kipindi kile baridi ya Ufipa inamfanya mtu asiachie kikombe cha chai. Jamaa alishuka na kile kisanduku cha kupigia santuri kinachofunguliwa kama begi, pamoja na santuri mpya kabisa ya Ave Africa ya Sunburst.

Kwa wadau wa juzijuzi: Sunburst si bendi ya Marekani. Ni vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 waliochanganya roki, fanki na midundo ya kwetu, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Ave Africa ilitoka mwaka 1976, na ilirekodiwa Zambia, hawa hawa majirani ambao mtu wa Rukwa akipita Matai na Kasesya anawakuta. Nakala za mwanzo zikawa adimu, wakusanyaji wakazisaka dunia nzima, hadi mwaka 2016 lebo ya Strut ilipoirudisha sokoni pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo kuanzia 1973. Ndiyo rimasta yenyewe: rekodi ya zamani iliyosafishwa na kusawazishwa sauti upya, ikachapwa tena kwenye santuri.

Mpaka hapo staa anastahili pongezi. Angalau hakuposti viatu.

Tatizo lilianza alipoweka santuri kwenye kile kibegi, akashika simu, akajirekodi akitikisa kichwa, kisha akaandika kwamba sauti hii ni safi kuliko ile ya 1976, na kwamba ya zamani tupa kule. Laiki zikamiminika. Mashabiki wakaandika “besi imetulia”, “besi inagonga kifua”.

Besi ipi hiyo?

Maikrofoni ya simu ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na simu yenyewe hupandisha na kushusha sauti kadiri inavyoona. Video ikipanda mtandaoni sauti inabanwa tena ili faili liwe jepesi. Halafu shabiki naye anaisikiliza kwa spika ya simu, ambayo kwa besi haina lolote. Aliyeandika kuwa besi imemgonga kifua alijigonga mwenyewe. Alichosifia ni picha ya santuri inayozunguka, na picha haina sauti.

Na hata waliokuwepo sebuleni hawakuwa na nafuu sana. Vile vibegi vingi vina spika ndogo zilizofungwa kwenye kasha lile lile lenye sindano. Spika ikitikisika, sindano nayo inatikisika. Besi ya santuri nayo ina mambo yake: wakati wa kuchonga hupunguzwa makusudi ili mfereji usiwe mpana kupita kiasi, kisha mashine ya kupigia ndiyo inayotakiwa kuirudisha. Mashine ikiwa dhaifu, besi hairudi, na msikilizaji anailaumu au kuisifu santuri ambayo hata hajaisikia.

Lakini kosa kubwa la staa ni jingine: hakuwahi kuisikiliza ile ya 1976. Hata mara moja! Alilinganisha kitu alichonacho na kitu asichokijua, akatangaza mshindi. Mtu anayesema pilau ya shangazi ni tamu kuliko ya bibi wakati ya bibi hajawahi kuionja, kwetu hatuiti mtaalamu. Tunamwita mlafi.

Wakati vumbi halijatulia, akaibuka DJ mmoja wa mjini Sumbawanga, naye jina kapuni, akatema cheche za upande wa pili. Kwake rimasta zote ni feki. Eti mikwaruzo ndiyo roho ya muziki, na santuri isiyopiga “kwarakwara” imeuawa studio. Vijana wa mjini wakamshangilia, kwa sababu kumpinga staa ni kiki tosha.

Huyu naye ametoka njia. Mikwaruzo ni vumbi, ni sindano mbovu, ni santuri iliyowekwa chini ya kitanda miaka arobaini. Mpiga gitaa hakuipiga, mwimbaji hakuiimba. Mwaka 1976 santuri ikiwa mpya dukani haikuwa na mikwaruzo hiyo. Anayeabudu mikwaruzo anaabudu uzee wa plastiki, kisha anauita uhalisia.

Ana nusu ya ukweli, hilo apewe. Wapo wasafishaji wanaosugua hadi wanatoboa. Ule mvumo mdogo wa kanda ya zamani ukiondolewa kwa pupa, unaondoka na vitu vilivyokaa jirani yake: mlio wa mwisho wa tasa za dramu, pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, hewa ya chumba walimopigia. Wengine wanapandisha kila kitu kiwe na kelele sawa, mnong’ono na kelele vikalingana, muziki ukakosa kupanda na kushuka. Hapo sikio la binadamu linadanganyika kirahisi, maana chochote chenye sauti kubwa kidogo hulionekea kizuri zaidi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii husawazisha kwanza sauti za nakala mbili, ndipo wanalinganisha.

Na hiyo “sauti ya asili” anayoitetea DJ, ni ipi? Atazame hapo hapo Zambia, kwenye ile roki yao iliyobatizwa Zamrock. Albamu ya Africa ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975, ina michanganyiko miwili: mmoja mkavu, mwingine umejaa mwangwi. Lebo ya Now-Again ilipoirudisha, iliitoa yote miwili. Nyimbo zile zile, wapigaji wale wale, na bado mtu anaweza kusikia albamu mbili tofauti. Sasa hapo nani atasimama aape kwamba asili ni moja?

Aliyemaliza ubishi huu hana hata akaunti. Ni babu mmoja wa Pito, fundi redio aliyestaafu, aliyewahi kufanya kazi upande wa Zambia akarudi na gramafoni na boksi la santuri. Vijana walimfuata na ile video.

“Shikamoo babu. Hebu sikiliza, hii mpya si kiboko?”

“Marahaba wajukuu. Wameitoa kwenye nini?”

“Kivipi babu?”

“Wameitoa kwenye kanda ya studio au kwenye santuri nyingine?”

Kimya. Hakuna aliyegeuza jalada kusoma.

Babu akawaeleza kwa lugha ya fundi. Msafishaji hawezi kurudisha kisichokuwepo kwenye chanzo. Akipata kanda ya kwanza ya studio, ana kila kitu mkononi. Kanda ikiwa imepotea au imeoza, na kwa muziki wa Afrika wa miaka ile hilo limetokea sana, hutafutwa santuri ya zamani iliyo nzima, inapigwa kwa mashine nzuri, inarekodiwa na kusafishwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa rimasta yoyote ni chanzo. La pili ni kama sauti zimesawazishwa kabla ya kulinganisha. La tatu, wimbo wa mwisho wa upande usikilizwe kwa makini, maana huko ndani karibu na lebo mfereji unapita taratibu chini ya sindano na sauti kali huanza kuchafuka. Mchongaji hodari anajulikana huko, si kwenye wimbo wa kwanza.

Wajukuu wakaitikia, wakaaga. Ingeishia hapo, ingekuwa stori ya kucheka.

Haikuishia hapo. Ile “tupa kule” ilikuwa imeshafanya kazi. Wiki hiyo hiyo alipita mnunuzi mmoja anayezunguka vijijini akiulizia santuri za wazee. Babu alikuwa msibani. Nyumbani walikuwepo vijana wenye simu, na kwenye simu staa wao alishawaambia kwamba vitu vya zamani havina maana, mpya ndiyo safi. Boksi zima likaondoka kwa bei ya kuku wawili. Santuri za Zambia, za Nairobi, za bendi ambazo leo hata majina yake hayako mtandaoni.

Babu aliporudi alikuta gramafoni peke yake mezani.

“Wameniachia sufuria,” alisema, “ugali wameuza.”

Hapo ndipo hukumu ya sauti inapoacha kuwa ubishi wa watoto wa mjini. Katika boksi lile huenda ilikuwemo santuri ambayo kanda yake haipo tena popote. Kama ilikuwemo, basi ndiyo iliyokuwa chanzo cha rimasta ya kesho. Ikiharibika njiani, hakuna mtambo wa London wala wa Los Angeles utakaoufufua wimbo ule. Ikifika salama kwa mkusanyaji, wimbo utarudi siku moja kwenye jalada jipya linalong’aa, na mjukuu wa Pito atalinunua kwa pesa ya gunia, kisha atajirekodi akisema: safi kuliko ya zamani.

Staa bado hajafuta ile posti. Laiki zinaongezeka. Kuisifia rimasta si dhambi, na huenda ni nzuri kweli. Ila anayetaka kuihukumu akae chini na nakala zote mbili, mashine moja, sauti sawa, simu mfukoni. Asipoipata ya zamani, aseme anachosikia kwenye mpya na aishie hapo.

Na kijana ambaye babu yake bado ana boksi chini ya kitanda, leo jioni alitoe vumbi, aandike majina ya santuri zote kwenye daftari, kisha alirudishe pale pale. Mnunuzi akipita, amwambie mwenyewe yupo shambani, asubiri.