Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika: fedha iko kwa nani?

Kijana mmoja wa mwambao wa kusini alituandikia ujumbe mfupi hapa studioni. Kuna mtu amefika kijijini kwao na gari, anatafuta samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe. Anawataka wakiwa hai. Analipa kwa kichwa, fedha mkononi, na ameleta kompresa na mpira wa hewa ili vijana wazame. Swali la kijana lilikuwa fupi: hii biashara ni ya kweli, au wanapotezewa muda?

Biashara ni ya kweli. Samaki wa ziwa letu walianza kusafirishwa kwenda Ulaya na Marekani miongo mingi iliyopita, kwanza zaidi kupitia Burundi. Sehemu ngumu ya swali ni fedha yenyewe inakaa mkononi mwa nani, na kinabaki nini kwenye mawe ya kijiji mnunuzi akishaondoka.

Maswali ya namna hii yameongezeka tangu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa mara ya kwanza, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miezi mitatu bila dagaa wala mgebuka iliwafanya wengi watazame upya kila kilichomo majini. Samaki ambaye jana alikuwa wa watoto kuchezea na ndoano, leo anaulizwa bei.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kuhe tunayemla ni mmoja wao, tena ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo duniani. Wanaotafutwa na wenye matangi ya kioo ni wadogo zake. Yuko frontosa, mwenye mistari na nundu kichwani, anayekaa kwenye vina. Wako wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono na kutagia humo humo. Na yuko yule ambaye wataalamu humwita Tropheus, wa ukubwa wa kiganja, anayekwangua mwani kwenye miamba.

Tropheus hapendi kuvuka eneo la mchanga. Akizaliwa kwenye mawe haya, atafia kwenye mawe haya. Kwa hiyo kwa maelfu ya miaka kila kipande cha mwambao wenye miamba kimepata samaki wa rangi yake: huku mwenye mkanda wa njano, kule mwekundu, mbele kidogo mweusi tupu. Ndiyo maana wafugaji wa ng'ambo huwaita kwa majina ya vijiji vyetu. Mtu aliyeko Berlin anaweza kukueleza tofauti ya samaki wa Ikola na samaki wa Kipili, na hajui kama Ikola kuna zahanati.

Huko dukani Tropheus mmoja huuzwa kwa makumi ya yuro. Frontosa mkubwa aliyetolewa ziwani anaweza kupita dola 100. Ukisikia hivyo damu inachemka, tunaelewa. Lakini kati ya jiwe la kijijini na duka la Berlin kuna mambo mengi yanayokula fedha, na la kwanza ni kifo.

Hapa tukubali aibu yetu. Tuliwahi kuwa na tangi la samaki kwenye mapokezi ya ofisi tuliyokuwa tukifanyia kazi. Lilikuwa la lita 30 hivi, nasi tukaweka samaki wa dhahabu sita walionunuliwa mjini. Tulijaza maji ya bomba asubuhi, mchana samaki wakaingia. Kila mgeni aliwatupia chakula, mlinzi wa usiku aliwapa mkate, na sisi wa kipindi cha alfajiri, bila kujua, tuliwapa tena. Siku ya nane alibaki mmoja. Tulidhani tumeuziwa samaki wagonjwa.

Kumbe tuliwatilia sumu wenyewe. Samaki hutoa uchafu wake ndani ya maji yale yale anayopumulia. Uchafu huo, pamoja na chakula kinachooza chini, hutoa amonia, ambayo huunguza mashavu yake. Ziwani amonia hupotea kwenye maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda mpaka bakteria wazuri wazaliane kwenye changarawe na kwenye chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo kali, ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kukua. Tangi jipya linalong'aa kama kioo cha duka la simu ndilo la hatari kuliko yote.

Kwa hiyo anayetaka kufuga nyumbani huanza na maji, si na samaki. Tangi la lita 100 ni rahisi kulitunza kuliko la lita 20, kwa sababu kosa dogo haligeuki msiba. Maji ya bomba yenye klorini huachwa kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumika. Samaki wawili watatu wagumu huingia kwanza, wengine hungoja wiki kadhaa. Kila wiki hutolewa robo ya maji na kuwekwa mapya. Chujio husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya bomba huua bakteria uliowangoja mwezi mzima. Chakula kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Na umeme ukikatika, tangi lililojaa samaki linaweza kufa usiku mmoja. Pampu ndogo ya betri husaidia, na ukiikosa, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa.

Tropheus ana masharti zaidi. Ukiweka wawili au watatu, mbabe atawaua wenzake. Hufugwa kundi la kumi na wawili au zaidi kwenye tangi kubwa ili ubabe ugawanyike. Ukimlisha vyakula vya nyama badala ya vya mimea, tumbo huvimba na kundi zima linaweza kuisha. Tena maji ya ziwa letu yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Anayekamata samaki 200 na kuwarundika kwenye madumu kungoja gari, mara nyingi anasafirisha maiti, na hasara hiyo mnunuzi huikata kwenye bei ya mvuvi.

Wanaoifanya kazi hii vizuri huwashindisha samaki na njaa siku kadhaa ili wasichafue maji njiani, kisha huwafunga kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya maboksi yanayozuia joto na baridi. Nauli ya ndege hupimwa kwa kilo. Yaani sehemu kubwa ya gharama ni kulipia safari ya maji.

Haya yote, ndugu msikilizaji, yanatupeleka kwenye jambo ambalo wanunuzi hawalisemi kijijini. Katika biashara ya dunia ya samaki wa mapambo wa maji baridi, takriban tisa kati ya kumi hawakutolewa ziwani wala mtoni. Wamezaliwa kwenye mabwawa na matangi. Singapore, kisiwa kilicho jiji, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, na haina ziwa la kulinganisha na hili letu. Samaki wetu pia huzalishwa Ulaya, Marekani na Asia. Jozi chache zikishatoka, watoto huzaliwa huko, na mwenye tangi hana haja ya kurudi kijijini ila anapotaka damu mpya au rangi ambayo bado hana.

Mfugaji wa Ujerumani hununua chumvi maalumu ili maji yake yafanane na ya Tanganyika, kisha hulipia umeme yafike nyuzi joto 25. Sisi maji hayo tunayafulia nguo. Joto ni la bure. Mawe, mchanga na makombe viko ufukweni. Kama kuna mahali ambapo kuzalisha samaki hawa kungekuwa rahisi, ni hapa. Kinachokosekana ni ujuzi, mtaji wa matangi na umeme wa uhakika, na njia ya soko isiyopitia mkononi mwa mtu mmoja mwenye gari. Kwa maoni yetu, kijiji kikipewa kuchagua kati ya kompresa na matangi kumi, kichukue matangi.

Wapo watakaosema kukamata si lazima kuharibu, na wana hoja. Katika mji wa Barcelos, kwenye Mto Negro nchini Brazil, familia nyingi zimeishi kwa kukamata samaki mdogo mwekundu na buluu kwa ajili ya matangi ya nje, na watetezi wa kazi hiyo husema imewapa watu sababu ya kuulinda msitu. Lakini yule samaki huzaliana kwa wingi, na maji ya mto yakipungua wengi wao hufa kila mwaka hata wasipokamatwa. Tropheus jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 15, na huyalea mdomoni karibu mwezi mzima. Sato hulea mamia kwa mara moja. Ukitoa majike 50 kwenye kipande kimoja cha mawe, hakuna jirani atakayevuka mchanga kuja kujaza nafasi.

Tuna mfano wa jirani. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, kuna samaki aitwaye Chindongo saulosi anayepatikana kwenye mwamba mmoja tu karibu na kisiwa cha Chizumulu. Dume ni wa buluu, jike wa njano, na matangi ya dunia yamejaa watoto wake. Kule kwenye mwamba wenyewe ameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na chanzo kilichotajwa ni kukamatwa kwa ajili ya biashara hii. Katika ziwa hilo hilo, wafanyabiashara waliwahi kuhamisha samaki wa sehemu moja na kuwaachia kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, na wageni hao wakasambaa na wengine kuzaana na wenyeji. Kwa hiyo samaki uliyemchoka hatupwi ziwani. Tukumbuke pia magugu maji ya Ziwa Victoria: ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Matangi nayo yana upande wa heri. Furu wengi wa Ziwa Victoria walipotea katika miaka ya 1980, sangara alipotawala. Baadhi ya aina ambazo hazionekani tena ziwani bado zinazaana kwenye vioo vya wafugaji na hifadhi za wanyama Ulaya na Marekani. Ni faraja, ingawa samaki wa namna hiyo hailishi familia ya Mwanza.

Turudi kwa yule kijana na kompresa yake. Frontosa akitolewa kwenye kina haraka, hewa iliyo tumboni mwake hutanuka na kumgeuza juu chini. Lazima apandishwe kwa hatua. Mpiga mbizi naye ni hivyo hivyo. Akikaa chini muda mrefu kisha akapanda haraka, mapovu ya hewa hujitengeneza kwenye damu. Huanza na maumivu ya viungo, huweza kuishia kupooza au kifo. Mpira wa hewa hauna geji ya kumwambia amefika kina gani, na kompresa iliyowekwa karibu na moshi wa injini humpulizia moshi huo mapafuni. Mnunuzi anayelipa kwa kichwa cha samaki hajasema atamlipa nani mzamiaji akipooza.

Kuna na sheria. Uvuvi kwa ajili ya biashara huhitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na kusafirisha samaki hai nje ya nchi huhitaji kibali. Hifadhi ya Taifa ya Mahale haiishii ufukweni, mpaka wake unaingia majini kilometa 1.6, na humo samaki hawaguswi. Wakati wa kufungwa kwa ziwa, usichukue hata mmoja kabla ya kumuuliza afisa uvuvi wa kata au wilaya yako. Wanaotaka kujaribu kuzalisha wanaweza kupata ushauri kwa wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ambao wana kituo hapa Kigoma.

Tulimshauri kijana amuulize mnunuzi mambo mawili: aone leseni yake, na ajue nani atagharamia matibabu mzamiaji akiumia. Alituandikia tena baada ya siku nne. Kuhusu leseni aliambiwa iko mjini. Kuhusu matibabu hakupata jibu, na wenzake wawili wameshaanza kuzama.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa na afisa uvuvi studioni. Tuma swali lako mapema kwa ujumbe mfupi, na utaje kijiji ulipo.