Umepaka Rangi Drili, Hujaifufua

Wacha niseme hii kitu leo, hata kama kuna marafiki zangu watanibloku.

Zile video za kufufua mashine za zamani, unazijua. Drili inatolewa kwa gunia, imeshika kutu mpaka huruma. Muziki unaanza. Inapigwa msasa, inapuliziwa rangi ya kijani, herufi zinapakwa nyeupe, inawashwa sekunde mbili, inanguruma, mwisho. Sisi huku kwa komenti ni kupiga makofi tu. Mimi pia. Nimezitazama usiku mzima nikiwa na darasa asubuhi.

Sasa niulize: kati ya zote ulizotazama, ni ngapi zilikuonyesha ndani?

Nina sababu ya kuuliza. Karakana yangu ni meza moja kwa balkoni, huku Umoja. Mwaka jana nilinunua drili ya chuma, mtumba wa Uingereza, kutoka kwa jamaa ambaye video yake niliishea mwenyewe. Ilikuwa inang'aa kama gari ya harusi. Siku ya pili nikaishika vizuri kwa mikono miwili, stima ikanitambaa mpaka kwa kiwiko. Nadhani slipasi za raba ndizo zilinisaidia. Ningekuwa miguu mitupu kwa sakafu yenye maji, pengine hii post ingeandikwa na mtu mwingine, na ingekuwa ya mchango wa mazishi.

Nikachomoa plagi, nikafungua skrubu. Waya wa kijani na njano, ule wa ethi, ulikuwa umekatwa na kufichwa chini ya tepu. Ndani kumejaa vumbi jeusi la kaboni. Hakuna aliyekuwa ameingia huko na brashi. Rangi ilikuwa mpya, lakini kila kitu kingine kilikuwa kile kile cha kwa gunia.

Elewa kwa nini hiyo ni hatari. Mota ya drili kama hiyo hupata stima kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka. Vinavyozidi kuisha, ndivyo vumbi linavyojaa, na vumbi la kaboni hupitisha stima. Likikusanyika vibaya, stima inapata njia ya kufika kwa mwili wa chuma. Ethi iko pale ili stima ikitoroka ipite huko, fyuzi ikatike, wewe ubaki mzima. Ukiikata, njia inayobaki ni mkono wako. Hapa kwetu stima ni 240V. Hiyo haina utani.

Najua mtajibu nini. "Lakini buda, mbona hata drili mpya ya plastiki haina ethi?" Ni kweli. Zile zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana zimetengenezwa na kinga mbili ndani. Ya chuma ya zamani isiyo na hiyo alama inahitaji waya tatu. Anayejiita fundi wa kufufua mashine na hajui hiyo tofauti, awache kuuza, aende akapake mageti.

Jibu la pili ndilo linaniudhi zaidi: "Watu wanataka kuona rangi, hakuna mtu atakutazama ukipima waya." Sawa, basi sema unafanya sanaa. Weka hiyo drili kwa shelfu, ipige picha. Lakini ukishaandika "inauzwa, DM" chini ya video, hiyo si sanaa tena. Kuna kijana atajibana wiki mbili ainunue aanze kutoboa mbao apate riziki. Yeye hanunui rangi, ananunua imani kwamba wewe ulifungua.

Na msiniambie ni mambo ya jua kali. Fundi wa Kamukunji au Kariobangi akikurudishia mashine mbovu, kesho uko mbele ya kibanda chake ukipiga kelele wateja wengine wakisikia. Ndiyo maana anaipima mbele yako. Sisi wa mtandaoni tunaweza kufuta komenti.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinatembezwa na muziki na laiki elfu kumi.

Sijasema muache. Mimi mwenyewe niliisafisha ile drili, nikaweka kaboni mpya, beringi na waya wa pini tatu, na bado natoboa nayo. Chuma cha zamani kina maisha ndani yake, na kukitupa ni ujinga. Ninachotaka ni dakika moja tu ya video yako kabla ya rangi. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua, tuone kaboni zimebaki kiasi gani. Zungusha beringi kwa kidole, tusikie kama inakwaruza. Weka multimita kati ya pini ya ethi na mwili wa chuma, tuone inasoma karibu na sufuri. Kama ni grainda, onyesha gadi ya diski iko mahali pake.

Na wewe mtazamaji, ukiona drili inang'aa na hujaona ndani, usipige makofi. Andika neno moja: "Fungua." Mimi nitaanza leo, na nitaanzia kwa ile video niliyoishea.