Ajali za Ziwa Kivu: wapiga mbizi hawatoshi

Kila boti ikizama, watu wa Majengo na mitaa mingine ya Goma wanauliza: wapiga mbizi wako wapi? Swali lilirudi tarehe 3 Oktoba 2024, wakati boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipopinduka karibu na bandari ya Kituku. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278, na uwezo wake ni 80.

Jibu ni chungu. Zanzibar, ilipozama meli Spice Islander Septemba 2011, waliletwa wapiga mbizi toka Afrika Kusini. Mkondo wa Nungwi na kina viliwashinda. Mpiga mbizi mzoefu hapigani na mkondo, anauacha umbebe huku boti ikimfuata juu. Lakini hivyo hawezi kutulia mahali pamoja kutafuta maiti. Kivu haina maji kupwa na kujaa, ila kina chake kinafika mita 485.

Basi kazi iko Minova, kabla boti haijaondoka: nani anahesabu abiria, na jile za uokozi ziko ngapi? Vita ilipofunga barabara ya Sake, mama muuza mihogo hakubaki na njia nyingine. Wa kuulizwa ni mwenye boti na wakuu wa bandari waliomruhusu.