Mganga Hajigangi: Nani Amkinge Tabibu wa Meno?

“Mganga hajigangi,” walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumdhihaki mganga. Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, lakini naifasiri vingine: ikiwa mganga hajigangi, hapana budi awepo mwingine wa kumganga.

Tumtazame mhudumu wa meno kisiwani Pate. Uso wake u karibu na kinywa cha mgonjwa. Kekee inapozunguka, mate na damu humrukia. Mgonjwa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na sindano iliyokwisha kumwingia ikamchoma mhudumu asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa waweza kufikia 30 kwa 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban 3 kwa 1,000.

Dawa za kuzuia Ukimwi baada ya ajali zapasa kuanzwa mara moja, wala zisipite saa 72. Zisipopatikana kisiwani, mhudumu hana budi kuvuka hadi Lamu. Na kila msafiri wa Pate anajua kwamba chombo kipitacho Mkanda husubiri maji yajae. Kwa hiyo dawa hizo ziwekwe palepale anapofanyia kazi.

Homa ya ini aina ya B ina chanjo tangu miaka ya 1980: dozi 3 katika miezi 6. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga wote mwaka 2001; aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kwa mpango huo. Basi achanjwe kabla hajashika koleo.

Yamkini wapo watakaolalamikia gharama. Hata hivyo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikingia. Glavu, barakoa na miwani si hisani. Isitoshe, kisiwa kikimpoteza mhudumu mmoja, wangapi watabaki na maumivu ya meno?

Walimu wenzangu, mnapoifundisha methali hii, waulizeni wanafunzi: nani amgange mganga? Nanyi wanafunzi mnaoazimia kazi ya utabibu, msikubali kuingia katika mafunzo ya vitendo kabla ya kuchanjwa. Kuidai kinga si woga. Ni sehemu ya kazi yenyewe.