Kufuli Linalomfunga Mwenyewe

Yako mambo madogo yanayodhihirisha tabia zetu kuliko hotuba nyingi. Mojawapo ni nati ya tairi yenye kufuli. Huwa moja tu katika kila gurudumu. Haina pembe sita kama nati nyingine, bali ina mifereji isiyoshikwa na spana yoyote ila kikombe chake maalumu, ambacho ndicho ufunguo wake. Ilibuniwa ili mwizi asiondoke na rimu. Nami nasema kwamba nati hiyo, ufunguo wake ukishapotea, haimzuii tena mwizi. Humzuia mwenye gari.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Magari mengi ya watu wa kawaida hapa Morogoro yalitumika kwanza Japani, ambako usukani huwa kulia kama kwetu. Gari hupita katika mikono ya mnada, ya meli, ya bandari, ya dereva na ya dalali. Kikombe kile, ambacho hufichika ndani ya kiganja, hupotelea mahali fulani katika safari hiyo. Mnunuzi hukagua rangi, hufungua boneti, huwasha redio na kulipiga teke tairi. Ufunguo wa nati haulizi. Mwuzaji naye, hata akijua, hunyamaza. Kunyamaza huko mimi siwezi kukuita usahaulifu. Anayeuza nyumba bila ufunguo wa chumba kimoja hajauza nyumba nzima.

Mjini kasoro hii haionekani. Ukipata pancha kati ya Msamvu na Kihonda, fundi yu karibu. Lakini panda Mgeta kufuata kabichi na viazi, au Kinole kufuata ndizi, wakati wa masika, katika barabara zinazojikunja ubavuni mwa Uluguru, milima yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Jiwe linapasua tairi. Jeki unayo, wili spana unayo, na tairi la akiba lina upepo wa kutosha. Nati nne zinalegea. Ya tano inakutazama tu. Na kama humo garini yumo mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya mjini, kufuli hilo limelinda nini?

Watetezi wake watasema kwamba wezi wa rimu wapo. Ni kweli, wapo. Lakini mwizi aliyedhamiria huja na soketi chakavu na nyundo, wala hajali akiharibu uzi wa gari la mtu. Anayejali ni wewe, nawe ndiwe uliyekwama.

Wapo pia mafundi wanaokimbilia tindo. Hugonga nati kwa ubavu, wakakwangua rimu na kupinda stadi, ule mhimili wenye uzi unaoshikilia gurudumu. Wengine huchomelea nati nyingine juu yake huku tairi limejaa upepo. Huo si ufundi, ni kucheza na mauti: joto likipenya ndani ya tairi laweza kulilipua, na stadi iliyoungua hupoteza ugumu wake.

Njia ya kiungwana ipo, nayo haihitaji miujiza. Kwanza upekue gari: chini ya zulia la buti, kando ya tairi la akiba, ndani ya mfuko wa jeki, kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Ukikosa, liache gurudumu chini, vuta breki ya mkono, weka vigingi. Kaza vizuri nati zile nyingine, ili ile yenye kufuli ipunguziwe mzigo. Kisha chukua soketi ya pembe 12, ndogo kidogo kuliko nati, uipige kwa nyundo mpaka iing'ang'anie, ndipo uizungushe polepole kwa mpini mrefu. Soketi hiyo huenda isifae tena. Ihesabu kuwa gharama ya kazi. Iwapo nati ina pete ya nje inayozunguka bure, usishindane nayo kwa hasira. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kuing'oa. Ikitoka, kagua stadi, na iliyoumia ibadilishwe.

Lakini kazi hii ina mahali pake, napo ni gereji, mchana, mahali tambarare. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, siku ya kununua gari, kabla ya kuhesabu fedha, dai ufunguo wa nati mkononi, ukaujaribu katika magurudumu yote manne. Usipopewa, gharama ya kuzing'oa ikatwe katika bei. Kisha weka nati za kawaida, zenye uzi na kikalio kinachofanana na zile zilizopo. Magari mengi madogo ya Toyota hutumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5. Baada ya mwendo wa kilometa 50 hivi, zikazwe tena. Na aliye na ufunguo aufunge pamoja na jeki, amwonyeshe kila anayemwazima gari.

Nati nne za kawaida hazimfilisi mtu aliyeweza kununua gari. Na anayepanda Uluguru na kufuli asilo na ufunguo wake asilaumu mlima, wala masika, wala fundi. Aliyemfunga ni mwuzaji aliyenyamaza, na yeye mwenyewe ambaye hakuuliza.